Kuchora ramani ya wanyamakazi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya nimeyakusanya kutoka kwa maafisa mifugo wa kata, wanafunzi wa jiografia, viongozi wa vyama vya ushirika na watu wa miradi ya kilimo ambao siku moja waliambiwa, "Tuletee ramani ya ng'ombe wa kulima na punda wa wilaya nzima," wakabaki wameshika kalamu. Mifano mingi ni ya Tanzania, hasa Kanda ya Ziwa na kanda ya kati, kwa sababu huko ndiko nilikozunguka na dodoso mkononi. Kenya, Uganda na Ethiopia nitazigusa pale zinapotusaidia kuelewa mambo yetu.

Mnyamakazi ni mnyama gani hasa?

Ni mnyama anayefugwa kwa ajili ya nguvu zake: kukokota plau, kuvuta mkokoteni, kubeba maji, kuni, mahindi au watu. Tanzania Bara wanaobeba sehemu kubwa ya kazi hiyo ni wawili, maksai na punda. Maksai ni dume la ng'ombe lililohasiwa na kufundishwa nira. Unguja na Pemba ng'ombe huyo huyo utamkuta barabarani akivuta gari la ng'ombe, amebeba mchanga, makuti au nazi. Ukienda kaskazini mwa Kenya, Turkana, Marsabit, Wajir na Garissa, ngamia anaingia kwenye orodha, na Garissa tangu mwaka 1996 amekuwa akibeba hata vitabu vya maktaba ya taifa kuwapelekea watoto wa wafugaji.

Usisahau ng'ombe majike. Pale ambapo ukame au ugonjwa umepunguza madume, mkulima humfunga nira jike, na wakati mwingine hufunga punda wawili kwenye plau. Dodoso lako likiuliza "una maksai wangapi" peke yake, hao wote watapita bila kuonekana.

Si kuna sensa? Kwa nini nisichukue tu takwimu za ng'ombe?

Kwa sababu ng'ombe si maksai. Sensa ya kilimo na mifugo ya Tanzania ya 2019/20 ilihesabu ng'ombe karibu milioni 34. Idadi hiyo inachanganya ndama, mitamba, majike ya maziwa, madume ya mbegu na maksai. Mfugaji wa Longido anaweza kuwa na ng'ombe 300 na asiwe na hata plau moja. Mkulima wa Maswa ana ng'ombe wanne tu, wote wanne wanalima. Kwenye ramani ya ng'ombe, Longido itakuwa nyeusi na kijiji cha Maswa kitafifia. Kwenye ramani ya kazi mambo yatageuka kabisa.

Hapo ndipo watu wengi wanapokwama. Ramani ya mifugo inaonyesha mali, ilhali ramani ya wanyamakazi inaonyesha nguvu: nani anaweza kulima mvua ikinyesha, nani anangoja jirani amalize, nani anachota maji kwa kichwa. Ukizichanganya utapeleka chanjo, majosho na mafunzo mahali ambapo hayahitajiki, na pale penye kiu utapita kando.

Sensa za kilimo za Tanzania (2002/03, 2007/08 na 2019/20) zina maswali kuhusu zana na wanyama wa kukokota, nazo ni mahali pazuri pa kuanzia. Sensa ya watu na makazi ya Kenya ya mwaka 2019 iliuliza kila kaya kuhusu mifugo, punda na ngamia wakiwemo, lakini maksai hakutengwa na ng'ombe wengine wa kienyeji. Kwa hiyo tumia sensa kama msingi, kisha jenga juu yake.

Na zile ramani za dunia nzima za mifugo?

Zipo na ni kazi ya kuheshimiwa. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, pamoja na watafiti wa vyuo mbalimbali wametoa matoleo kadhaa ya ramani ya gridi ya mifugo ya dunia tangu mwaka 2007. Toleo lililotoka 2018 linaonyesha hali ya mwaka 2010 katika miraba ya takriban kilomita 10 kwa 10, kwa wanyama wanane: ng'ombe, nyati wa kufugwa, farasi, kondoo, mbuzi, nguruwe, kuku na bata.

Hesabu tena hiyo orodha. Punda hayumo. Bata yumo, punda hayumo. Mnyama anayebeba maji ya vijiji vingi vya kanda ya kati hakupata ramani. Silaumu mtu, takwimu zake ni chache na zimetawanyika. Lakini ndiyo sababu kazi ya wilaya moja moja ina thamani kubwa kuliko watu wanavyodhani.

Kuna tahadhari nyingine. Thamani ya kila mraba katika gridi hizo haikuhesabiwa uwanjani. Ni idadi ya wilaya au mkoa iliyogawanywa na kompyuta kwa kufuata mvua, uoto, watu, mwinuko na kadhalika. Ukiichukua gridi hiyo halafu uandike ripoti kwamba "ng'ombe wanafuata uoto," unakuwa umegundua kile ambacho kompyuta iliambiwa tangu mwanzo. Kwa sababu hiyo walioitengeneza walitoa pia toleo ambalo idadi imegawanywa sawasawa ndani ya mipaka ya utawala, bila vigezo vya mazingira. Kama unatafuta uhusiano kati ya wanyama na mazingira, tumia hilo la pili.

Wanyamakazi wamesambaaje Tanzania?

Kwa maksai, kitovu ni Usukumani: Shinyanga, Simiyu, Mwanza, Geita, ukishuka hadi Tabora na Singida. Plau ilishika mizizi huko pamoja na kilimo cha pamba enzi ya ukoloni, na hadithi inafanana na ya Teso, Uganda, ambako plau ya ng'ombe iliingia pamoja na pamba mwanzoni mwa karne ya 20. Mkoa wa Mara nako maksai ni wengi. Kusini magharibi kuna ukanda wa pili: uwanda wa Ufipa huko Rukwa, Mbozi, na sehemu za Mbeya na Iringa. Kaskazini, Mbulu, Karatu na Hanang.

Punda wana ramani yao. Wako kwa wingi Arusha na Manyara, ambako mwanamke wa Kimaasai hupakia maji na kuhamisha boma kwa punda. Wako Dodoma, Singida na Shinyanga kwenye mikokoteni ya maji. Wako Tarime, kwenye vilima ambavyo pikipiki yenyewe hutafuta njia. Sensa ya 2019/20 iliwahesabu punda karibu 660,000 nchi nzima.

Halafu kuna mwendo, na hapa ndipo ramani ya zamani inapodanganya. Kwa miongo kadhaa Wasukuma wameondoka na ng'ombe wao kwenda Katavi, Rukwa, Usangu, bonde la Kilombero, Rufiji hadi Lindi. Hawakusafiri na ng'ombe peke yao, walikwenda na plau na nira. Maeneo ambayo babu zao wenyeji walilima kwa jembe la mkono sasa yana jozi za maksai, na vijana wa huko wamejifunza kuzifunga. Uhamaji huo umeleta pia migogoro ya ardhi na maji, hilo halifichiki. Lakini mchoraji anayetumia takwimu za mwaka 2003 kuelezea Kilombero ya leo anachora nchi iliyokwisha kuondoka.

Kwa nini baadhi ya maeneo yako tupu?

Sababu kubwa kihistoria ni mbung'o. Anapoishi mbung'o, nzi anayefyonza damu, kuna ugonjwa anaoueneza wa ndorobo, yaani nagana, na ng'ombe hadumu. Misitu ya miombo ya Tabora na Katavi, mapori ya Lindi na Ruvuma, na sehemu za pwani zilikuwa, na nyingine bado ni, makazi yake. Chanzo kirefu zaidi ni sotoka, tauni ya ng'ombe, ya miaka ya 1890. Ugonjwa ule uliua sehemu kubwa mno ya ng'ombe wa Afrika Mashariki. Watu walikufa njaa, mashamba yakarudi kuwa pori, na pori likamkaribisha mbung'o. Sotoka ilitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011, ila mapengo iliyoyaacha kwenye ramani yanaonekana hadi leo kwa anayejua kuyasoma.

Mapengo huweza kujazwa. Unguja ilitangazwa kuwa huru na mbung'o mwaka 1997, baada ya kampeni ya kupunguza mbung'o na kisha kumwaga madume waliofanywa tasa kutoka angani.

Sababu nyingine ni za kilimo. Kagera na miteremko ya Kilimanjaro ni migomba na kahawa. Shamba limejaa mimea ya kudumu, plau itapita wapi? Ukishuka tambarare za chini za Kilimanjaro unaanza kuona nira na trekta. Usiandike "hakuna wanyamakazi" bila kuandika kwa nini, maana kata moja haina kwa sababu ya ndorobo, ya pili kwa sababu ya migomba, ya tatu kwa sababu watu ni maskini. Rangi ni moja, dawa ni tatu.

Uwanjani nihesabu nini?

Hesabu jozi zinazofanya kazi, plau zinazolima, na mikokoteni inayotembea. Kisha uliza nani anazitumia.

Nitaeleza kwa nini naanza na plau. Nilipoanza kazi hii niliuliza idadi ya ng'ombe, kama kila mtu. Majibu yalikuwa mafupi na macho yalikuwa yakiangalia pembeni. Siku moja mzee mmoja akaniambia, "Mwanangu, ukiniuliza ng'ombe unaniuliza benki yangu. Niulize shamba." Kesho yake nikauliza: mwaka jana mlilima kwa nini? Plau ni ya nani? Ilivutwa na ng'ombe wangapi? Ulilima kwako tu au ulilima na kwa watu? Ndani ya dakika kumi nilikuwa na jozi, wamiliki, bei ya kukodi na majina ya ng'ombe wenyewe, maana maksai wa kulima ana jina lake na huitikia.

Maswali ambayo sasa siyaachi ni haya: idadi ya wanyama wanaofungwa nira kwa pamoja (udongo wa kichanga jozi moja inatosha, ule mweusi wa mbuga huenda ukahitaji jozi mbili), umri wao, kama wamehasiwa, siku ngapi walifanya kazi msimu uliopita, kaya ngapi nyingine walizilimia, na kama kuna aliyekufa, aliyeibwa au aliyeuzwa tangu mavuno. Hilo la kukodisha ni la lazima. Kata yenye wamiliki wachache lakini inayokodishana vizuri ina nguvu kuliko yenye wamiliki wengi wanaolima kwao tu.

Na tembelea mafundi vyuma. Fundi anayenoa na kubadilisha ncha za plau anajua plau zinazolima katika eneo lake kuliko ofisi yoyote.

Watu hawataficha idadi?

Wataficha, na wana sababu. Kumbukumbu ya kodi ya mifugo ipo. Hofu ya kuambiwa "punguza mifugo" ipo. Katika jamii nyingi kuhesabu ng'ombe wa mtu kwa sauti ni kumtakia mabaya. Usiende na gari la serikali likipiga honi. Nenda na mwenyekiti wa kitongoji kujitambulisha, kisha mwombe akuache. Eleza takwimu zitafanya nini na hazitafanya nini, na usiahidi josho kama huna josho.

Linganisha majibu na vyanzo visivyo na hofu: daftari la josho, kumbukumbu za chanjo, vibali vya kusafirisha mifugo, mnada wa wiki. Tofauti ikiwa kubwa, usikimbilie kusema watu wanadanganya. Mara nyingi ng'ombe wamekwenda malishoni mbali, au wamekabidhiwa kwa ndugu kijiji cha tatu. Swali la "wako wapi leo?" linatatua mengi.

Nifanye kazi hii msimu gani?

Kwa sehemu zenye msimu mmoja wa mvua, napenda Februari hadi Aprili. Kulima kumekwisha, watu wanakumbuka vizuri, na wanyama bado wako nyumbani. Ukienda Septemba utakuta mifugo imehama kufuata maji na maksai wamekonda. Utahesabu upungufu ambao ni wa msimu tu. Ukienda Desemba wakati wa kulima hutampata mtu wa kukujibu, na kwa kweli hustahili kumpata.

Punda hana msimu. Analima, anabeba mavuno, anachota maji kiangazi. Kwake uliza kazi za mwaka mzima.

Mbona punda hukosekana kwenye takwimu nyingi?

Kwa sababu anayeulizwa siye anayemtumia. Mdadisi humwendea mkuu wa kaya, mwanamume, akauliza mifugo. Anatajiwa ng'ombe, mbuzi, kondoo. Punda wawili wamefungwa nyuma ya nyumba, mama amerudi nao kutoka kisimani sasa hivi, na hakuna aliyewataja. Muulize mama. Muulize na kijana anayewaongoza.

Sababu ya pili: punda wengi wako mjini. Mwenye mkokoteni wa maji Dodoma, Shinyanga, Naivasha au Limuru huenda hana shamba, na sampuli zetu nyingi huchaguliwa kutoka kwenye orodha ya kaya za wakulima. Mfumo wenyewe umeshamfungia nje kabla hujafika. Nenda kwenye vioski vya maji, masokoni, viwanda vya mpunga kama kule Mwea, uhesabu mikokoteni asubuhi na jioni. Lamu ndiyo ramani iliyo kinyume: mji mkongwe ambao vichochoro vyake vimeamua kwamba usafiri ni punda, na kila mtu anajua idadi yao ni jambo la mji mzima.

Sababu ya tatu ni chungu. Biashara ya ngozi ya punda, inayochemshwa kupata gundi ya dawa ya Kichina iitwayo ejiao, imeondoa punda kwa kasi ambayo takwimu zetu hazikuweza kuifuata. Kenya ilifungua machinjio kuanzia 2016. Sensa ya 2009 ilikuwa imehesabu punda takriban milioni 1.8, ile ya 2019 ikakuta takriban milioni 1.2. Serikali ilipiga marufuku uchinjaji huo Februari 2020, mahakama ikaitengua marufuku mwaka uliofuata. Tanzania nako kulikuwa na machinjio, Dodoma na Shinyanga, katikati kabisa ya eneo la punda. Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika waliafiki kusitisha uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi barani kote. Kama wilaya zetu zingekuwa na ramani za punda za mwaka 2015, tungejua leo ni vijiji gani vilirudi kubeba maji kichwani. Hatuna. Wasichana wa vijiji hivyo wanajua.

Watu husema "shukrani ya punda ni mateke." Mimi nimeona mateke machache na shukrani nyingi, na sijapenda kuitumia methali hiyo tangu hapo.

Sampuli iwe kubwa kiasi gani?

Inategemea unataka kusema nini na kwa eneo gani. Ukitaka kusema jambo kuhusu kila kata, lazima kila kata iwe na kaya za kutosha. Sampuli nzuri ya mkoa haikupi haki ya kupaka rangi vijiji. Gawa vitongoji kwa makundi kwanza: vya mbuga na vya kichanga, vya karibu na barabara na vya mbali, vya wenyeji na vya waliohamia. Chukua kutoka kila kundi. Kwa punda ongeza vitongoji vya karibu na visima, kwa sababu wanakusanyika. Ukichagua kwa bahati nasibu tupu unaweza kukosa kundi zima au kulikuta lote na kudhani ndiyo hali ya kata nzima.

Siwezi kutumia setilaiti au ndege badala ya kutembea?

Kwa nyanda za malisho, ndege zimesaidia sana. Kenya imekuwa ikihesabu wanyamapori na mifugo kutoka angani katika kaunti kame tangu mwaka 1977, na punda na ngamia wamo. Lakini kutoka angani huwezi kutofautisha maksai na jike, wala kumwona aliyelala kivulini, wala aliyeko zizini. Picha za setilaiti nazitumia kwa kitu kimoja: kujua eneo lililolimwa, ili niwe na cha kugawia idadi ya jozi. Nira haionekani kutoka mbinguni.

Nitumie programu gani?

Za bure zinatosha: KoboToolbox kwenye simu kukusanya, QGIS kuchora. Chukua majiranukta, yaani namba za mahali kwenye ramani, ya nyumba, siyo ya malisho. Pakua faili za mipaka kabla ya kuondoka mjini. Beba karatasi pia.

Nichoreje ili nisipotoshe?

Kwanza, mipaka. Mikoa ya Geita, Simiyu, Katavi na Njombe ilianzishwa 2012, Songwe 2016. Ukilinganisha sensa ya 2007/08 na ya 2019/20 kwa jina la mkoa, Mwanza itaonekana imepoteza ng'ombe kwa maelfu ilhali wengi walihamia Geita na Simiyu bila kunyanyua kwato. Kenya vivyo hivyo, wilaya za 2009 na kaunti 47 zilizoanza kazi 2013. Rudisha takwimu zote kwenye mipaka ya aina moja kabla ya kulinganisha.

Pili, usipake rangi idadi tupu. Kata kubwa yenye pori itaonekana tajiri kwa sababu ya ukubwa. Gawa kwa ekari zinazolimwa, au kwa kaya. Kwa punda gawa kwa kaya na uweke umbali wa maji pembeni.

Tatu, acha nafasi ya "hatukufika." Nyeupe ya "hakuna" na nyeupe ya "hatukuhesabu" zisifanane. Nimeona mpango wa wilaya ukiinyima chanjo kata moja kwa sababu mchoraji aliacha eneo lisilofikiwa likiwa na rangi ya sifuri. Barabara ilikuwa imekatwa na mvua wiki ile tu.

Unaweza kutoa mfano wa hesabu?

Tuchukulie kata mbili za kubuni. Ya kwanza ina kaya 1,200. Umehoji 60, yaani moja kwa kila 20, ukakuta jozi 21 zinazofanya kazi. Zidisha kwa 20: jozi 420. Eneo linalolimwa ni ekari 5,000. Kila jozi inabeba ekari 12 hivi. Jozi nzuri hulima nusu ekari hadi ekari moja kwa siku, basi siku 12 hadi 24 kazi imekwisha. Mvua itawakuta wamepanda.

Kata ya pili ina ekari 4,500 na jozi 90. Kila jozi ekari 50: siku 50 hadi 100. Kabla ya siku ya hamsini mvua za kupandia zimepita. Hapo wengi wanalima kwa jembe la mkono, wanachelewa, au wanakodi trekta kwa bei ya anayejua una haraka.

Sasa angalia idadi ya ng'ombe wote: huenda kata ya pili ina ng'ombe wengi kuliko ya kwanza. Ramani ya mifugo ingesema ina neema. Gawio hili dogo la ekari kwa jozi ndilo ninalolichora siku hizi kabla ya kitu kingine chochote, na ndilo linalowafanya madiwani wanyamaze na kuangalia.

Je, takwimu hizi zinaweza kumdhuru mfugaji?

Zinaweza. Nukta sahihi ya nyumba yenye punda sita ni zawadi kwa mwizi, na wizi wa punda uliongezeka Kenya ngozi zilipopanda bei. Usichapishe nukta kamwe. Jumlisha kwa kijiji au kata, na kitongoji chenye mmiliki mmoja au wawili kiunganishe na jirani yake. Majina na namba za simu vitunze mbali na takwimu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na Kenya ina yake ya 2019. Zisome kabla ya kuandika dodoso.

Trekta zinaingia. Bado kuna haja?

Zinaingia, na ziingie. Nilichokiona ni kwamba trekta hulima mashamba makubwa ya kando ya barabara kwanza, maksai husogea kwenye palizi, kwenye mikokoteni na kwenye mashamba madogo ya ndani. Kazi inahama. Ethiopia, yenye punda wengi kuliko nchi yoyote duniani na wakulima waliolima kwa ng'ombe tangu enzi za kale, haijawaacha wanyama hao kwa sababu trekta zipo Addis Ababa. Wakati huo huo, Teso inatufundisha jinsi nguvu hiyo inavyoweza kupotea ghafla: mwishoni mwa miaka ya 1980 wizi wa ng'ombe na vita viliwamaliza maksai wa huko, na wakulima waliozoea plau wakarudi kwenye jembe la mkono.

Ramani ikikamilika nimpe nani?

Halmashauri, afisa kilimo, afisa mifugo, ndiyo. Lakini nakala ya kwanza ipeleke kijijini. Ichapishe kubwa, ibandike ukutani kwenye ofisi ya kata siku ya mnada, acha penseli imening'inia kwa kamba. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo, mama mmoja aliyekuja na punda wake kusaga mahindi aliitazama muda mrefu, akaniambia kitongoji chao nimekiweka ng'ambo ya mto, na kwamba upande huo hakuna kisima, kwa hiyo punda niliowaonyesha pale wasingeweza kuwapo. Alichukua penseli, akavusha nukta zote kumi na moja hadi mahali pake. Niliirekebisha ramani jioni ile ile.